Mtoto wa Kwenye Jalada

Jina la Mama Matope alipewa kwa kejeli. Miaka ishirini na mbili kabla ya haya ninayoyasimulia, aliacha kazi ya darasani, akawachukua watoto kumi na mmoja wa chekechea, akaenda kushinda nao kwenye kiwanja chenye miti na vichaka nyuma ya bohari la mbao. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu gani hana ubao? Shule gani haina ukuta? Watoto walirudi nyumbani na tope mpaka kwenye nyusi, na akina mama waliozifua zile nguo ndio waliomtunukia jina. Sasa jina lilelile limechapwa kwenye kitambulisho anachovaa shingoni akiitwa kwenye makongamano, na waheshimiwa wenye tai hulitamka taratibu, kama cheo. Walimwengu hawana haya.

Zamani alikuwa mwalimu kama walimu wengine. Watoto hamsini na wawili chumba kimoja, mikono juu ya dawati, midomo imefungwa, yeye mbele na chaki. Aliwafundisha sehemu za mmea kwa kuuchora ubaoni, na huku nje ya dirisha mmea wenyewe umeota. Siku moja mtoto mmoja alinyoosha kidole dirishani akauliza kama ule nao ni mmea, au mmea ni ule wa chaki tu. Mwalimu alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Mwisho wa muhula akaandika barua ya kuacha kazi. Kaka yake alimwambia amerukwa na akili, na kwa miaka mitatu hawakusemeshana.

Hayo yamepita. Sasa ana miaka hamsini na minane, na ukitaka kujua hali yake, amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni uchovu uliomkaa magotini na nyuma ya macho, tena umezoea kukaa humo kama mpangaji asiye na mpango wa kuhama. Kila Alhamisi ni siku ya wageni: walimu wa vyuo, maofisa, wenye shule zao wanaotaka kuiga. Wanakuja na madaftari, wanaogopa kukaa kwenye magogo, na wanauliza maswali yaleyale. Mvua ikinyesha? Tunalowa. Wadudu je? Wapo, na watoto wanawajua kwa majina. Wanasoma saa ngapi? Hapo huwa anatua kidogo, halafu anasema, "Hata sasa wanasoma, nyinyi ndio mmeketi," na wageni wanacheka. Anajua watacheka sekunde ngapi. Kuna siku anajisikia akisema na anatamani mwenye sauti ile anyamaze jamani.

Swali la mwisho huwa ni la miti. Mtoto akianguka? Na jibu lake ndilo lililomfanya ajulikane kila mahali: hapa hatumpandishi mtoto. Mkubwa anaweza kusimama chini ya mti mpaka miguu ivimbe, mikono tayari kudaka, lakini hambebi mtoto kumweka tawini. Mtoto aliyepanda kwa mikono yake ameitafuta njia hatua kwa hatua, na mwili wake unajua pa kurudi. Aliyewekwa hajui lolote, amekuwa mzigo juu ya kabati. Mama Matope hakuyatoa haya kitabuni. Mwaka wake wa kwanza alimpandisha mtoto wa watu ili kumfurahisha, mtoto akashuka kwa kichwa akavunjika mfupa wa bega. Tangu siku hiyo hakuna mzazi anayeandikisha mtoto pale bila kusomewa sharti hilo na kulitia sahihi.

Sasa kulikuwa na binti mmoja wa miaka mitano, wenzake wakimwita Konokono. Hakuwa mgonjwa wala mzito wa akili. Alikuwa mwangalifu tu, kiasi cha kutia hasira: kabla hajakanyaga jani alilijaribu kwanza kwa kidole cha mguu. Pembeni ya kiwanja ulikuwapo mpera, na Konokono aliufanyia kazi ule mpera miezi mitatu. Wiki za mwanzo aliupapasa tu. Halafu akaanza kuukumbatia. Halafu akagundua kifundo kwenye shina, akaweka mguu wa kulia, akautoa, akaenda zake kucheza. Kesho yake akarudi. Msaidizi wa Mama Matope, mwalimu kijana asiye na maneno mengi, alikuwa akiandika yote kwenye daftari. Ukimsogelea yule mtoto kumsaidia alikuambia neno moja: "Mwenyewe."

Na Mama Matope, ambaye siku hizi mambo machache mno yalimsisimua, alisisimkwa na hilo. Asubuhi aliacha chai yake ipoe ili aende kuchungulia mguu umefika wapi. Ulikuwa umebaki urefu wa mkono mmoja tu kulifikia tawi la kwanza.

Wakati huohuo idara ya elimu ilimwagiza aandike kitabu cha mwongozo kwa walimu wa chekechea. Alikiandika miezi minane, akiiba saa huku na huku, na sura nzima aliitoa kwa lile sharti la kutompandisha mtoto. Kilipokamilika ikabaki picha ya jalada. Mpiga picha alitakiwa aje asubuhi. Akaja saa nane mchana, jua bado kali, wageni wa Alhamisi wameondoka baada ya kumkamua mwalimu mpaka tone la mwisho, na watoto karibu wote wameshachukuliwa na wazazi wao.

"Nataka mtoto mtini tu, mwalimu," alisema mpiga picha. "Dakika moja."

"Wapandaji wangu wameshaondoka. Njoo kesho asubuhi."

"Kesho nasafiri. Na kazi inatakiwa kiwanda cha uchapaji Jumatatu." Akageuza shingo. "Huyo je?"

Huyo alikuwa Konokono, anamngoja mama yake, na mguu wake wa kulia uko kwenye kifundo.

Ningependa kusema kwamba Mama Matope alipambana na nafsi yake. Hakupambana. Magoti yalimuuma, alitaka kuketi, alitaka yule bwana aondoke na kamera yake. Akaenda, akamshika mtoto makwapani, akamweka tawini. Jambo alilolikataza kwa miaka ishirini na moja lilimchukua muda wa kupiga chafya. Mtoto alilikumbatia tawi kwa mikono miwili, macho yakamtoka, mdomo ukaachama. Kamera ikalia mara sita. Kisha akamshusha.

Konokono hakulia. Aliitazama mikono yake kwanza, halafu akamtazama mwalimu. "Sikusema nipandishwe," alisema.

"Najua, mwanangu. Ilikuwa ya picha tu."

Msaidizi alikuwa amesimama bombani na beseni mkononi. Alikuwa ameona kila kitu. Akayamwaga maji na kuendelea kuosha vikombe.

Kuanzia kesho yake Konokono hakuukaribia mpera. Alikaa kwenye mchanga, mgongo kauelekezea mti. Mama Matope aliliona hilo siku ya kwanza, akaliona siku ya tatu, na wiki ilipotimia msaidizi akamfuata. "Mwalimu, tungeongea kidogo habari za Konokono." Akajibiwa, "Kesho." Kesho hiyo kulikuwa na semina, keshokutwa kulikuwa na kikao. Mara mbili alishika simu ampigie mhariri amwambie picha ile isitumike. Mara zote mbili alifikiria maelezo atakayotakiwa kutoa, na barua, na kumtafuta mpiga picha mwingine, akairudisha simu mfukoni. Mtu aliyechoka hudanganya kwa njia nyepesi kabisa: hasemi kitu. Alijiambia mtoto atasahau, watoto husahau. Mwingine akisema hivyo angemkatalia katakata, maana ndilo somo lake la kwanza kwa walimu wapya, kwamba watoto hawasahau.

Kitabu kikatoka. Kwenye jalada linalong'aa, ule mdomo ulioachama ulionekana ni furaha tupu. Watu walisema picha hiyo inaeleza kila kitu. Mhariri alipiga simu kumpongeza, ofisa mmoja alisema imemliza. Mama Matope alisema asante, asante, na nakala yake akaiweka kabatini, jalada limelala chini.

Wiki ya mwisho ya muhula, mama yake Konokono alikuja kumchukua mwanawe. Huyu alikuwa fundi cherehani, mtu wa mbio, futi yake ya kupimia watu ikining'inia shingoni mchana kutwa, na kwa kawaida alimpokea mtoto huku miguu imeshageuka kuelekea njiani. Siku hiyo aliketi. Aliketi kwenye gogo, kando ya Mama Matope, kitabu kapakata.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Leo umetukumbuka."

"Niache kuwakumbuka? Hiki nimekiweka dukani, mbele kabisa, juu ya cherehani. Kila mteja anauliza, huyu si wako? Nasema ni wangu. Baba yake alikuwa anamwita kuku kwa woga wake, mwalimu. Kuku! Sasa kanyamaza." Akacheka, kisha uso ukabadilika. "Ila nimekuja na jambo la aibu kidogo. Huyu mtoto ameanza uongo."

Konokono alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, anakishikashika kifungo cha gauni lake.

"Uongo gani?" aliuliza Mama Matope.

"Mteja akimsifu, anamwambia, mimi sikupanda, niliwekwa. Mbele za watu! Nikamwambia acha, mwalimu wako hapandishi mtoto, mimi mwenyewe karatasi nilitia sahihi, na humu kitabuni kaandika sura nzima, nimeisoma. Hasikii. Niliwekwa, niliwekwa. Juzi akamjibu hivyo mwalimu mkuu wa shule anayokwenda mwakani. Nikaona huyu ananitafuta. Nikamchapa." Alishusha sauti. "Simchapi mtoto mimi, mwalimu, unanijua. Lakini kumsingizia mtu kama wewe? Kwa hiyo leo nimemleta akuombe radhi. Haya, mwambie mwalimu kama tulivyosema."

Mtoto alisogea mbele. Alikuwa amefundishwa maneno na alikuwa ameyashika. Hakumtazama mwalimu usoni, alitazama viatu vyake.

"Mwalimu, naomba..."

Kuna kitambo kidogo hapo, na mimi sitakificha. Mama Matope aliiona njia nyepesi, wazi kabisa mbele yake. Angecheka, angesema ah, watoto na mawazo yao, mwache tu, ameshasamehewa. Yule mama angefurahi. Kitabu kingebaki kitabu na jina lingebaki jina. Mtoto angekwenda shule kubwa mwakani akijua jambo moja kwa hakika: kwamba alichokiona kwa macho yake hakikutokea, kwa sababu mkubwa kasema hakikutokea. Na Mama Matope alikuwa amechoka, amechoka kuliko siku ile ya picha. Kule bombani msaidizi alikuwa amefunga maji.

"Usiombe," alisema. "Usimalizie, mwanangu."

"Mwache aseme," alisema mama mtu. "Ajifunze."

"Amesema kweli. Hakupanda. Nilimweka mimi, kwa mikono yangu, na yeye hakutaka."

Mama mtu alitazama jalada, akamtazama mwalimu, akalitazama jalada tena. "Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Huyu ni mwanamke aliyeweza kusimama mbele ya watu mia nne akanena saa nzima bila karatasi. Alitafuta maneno, akapata mawili. "Nilikuwa nimechoka."

"Ulikuwa umechoka," mama mtu alirudia. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali apandishe. "Mimi nimemchapa, mwalimu. Kasema kweli siku zote hizi, mbele za watu, peke yake, na mimi nimemchapa. Kwa sababu yako nimemchapa."

"Ndiyo."

"Alilia mpaka akalala. Anasema, niliwekwa."

Machozi yalimjia Mama Matope, na hakuyafuta. Alishuka kutoka kwenye gogo mpaka magoti yakagusa ardhi, na magoti hayo yalimlipa stahili yake. Sasa uso wake ulikuwa sawa na uso wa mtoto.

"Nilikukosea," alisema. "Ulikuwa unapanda mwenyewe, vizuri kabisa, na mimi nikakuharibia. Halafu nikanyamaza, wewe ukaonekana mwongo. Leo ninampigia simu mhariri wa kitabu, nimweleze, na walimu wote nitawaeleza. Nisamehe."

Konokono alimtazama. Alifikiri, kwa mwendo wake uleule, bila haraka, na wakubwa wale wawili wakangoja.

"Sitaki sasa hivi," alisema.

Mama yake alifungua mdomo kumkaripia. Akaufunga.