Dakika Thelathini na Nne

Tulimwita Mama Funguo, ingawa hakuwa na mtoto. Funguo za stoo alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Ukimwomba glavu mpya alikudai kwanza zile za zamani, hata kama zimebaki kidole kimoja. Miaka kumi na moja aliitunza stoo ya kampuni yetu ya kupaka rangi na kusafisha maghorofa. Mimi ni mpaka rangi, nimening'inia kwenye kuta za watu nusu ya maisha yangu, na sijawahi kuogopa ghorofa kama nilivyomwogopa yeye.

Mtoto wake, tukitaka kusema alikuwa naye, alikuwa mdogo wake wa kiume. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mdogo wake mitatu. Alimbeba mgongoni, akamwogesha, akamsomesha, akamchapa, na alipokua akamtafutia kazi kwetu ya kusafisha vioo. Siku ya kwanza alimvalisha mkanda wa mwili yeye mwenyewe, kifungo kwa kifungo, mbele ya watu.

"Dada, basi. Mimi mtu mzima."

"Mtu mzima gani, kifungo cha paja umekisahau?"

Tulicheka hadi machozi, naye mwenyewe akacheka.

Meneja wetu tulimbandika jina la Mzee Saini. Aliweka sheria kwamba hakitoki kitu stoo bila saini yake, iwe brashi, iwe ngazi. Fundi mmoja alichukua ngazi bila fomu akafukuzwa siku hiyohiyo. Tangu hapo tukawa tunapanga foleni mlangoni kwake na fomu zetu kama wagonjwa wa meno.

Kisha ikaja ile asubuhi. Saa nne hivi, ghorofa ya nane, jukwaa la kuning'inia la wasafisha vioo liliinama upande mmoja na mdogo wake Mama Funguo akachomoka. Kamba ya usalama ikamdaka. Watu wasioijua kazi yetu hudhani mambo huishia hapo. Ndipo yanapoanza. Mikanda inabana mapaja, miguu haina pa kukanyaga, damu inashuka na hairudi juu. Mtu anaweza kukufia akiwa hana hata mchubuko.

Mwanzoni alikuwa akitania. "Jamani, nimekuwa balbu!" alituita kutoka kule chini yetu. Mimi nilikuwa juu ya paa. Nikapiga simu stoo: leta sanduku la uokoaji, haraka.

Mama Funguo alilibeba sanduku hadi mlangoni, akakumbuka fomu. Alikimbia ofisini. Mzee Saini alikuwa anaongea na simu, akamwinulia kidole: subiri. Dada wa watu akasubiri. Dakika tisa alisimama pale, kwa sababu miaka kumi na moja alikuwa amefundishwa kusimama pale. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko yote, kwamba alitii.

Sanduku lilipofika juu nikatoa kulabu ya kushikia kwenye chuma cha paa. Haikuingia. Mdomo wake ulikuwa mwembamba kuliko chuma kwa vidole viwili. Mzee Saini alikuwa amelichagua sanduku lile kwenye picha, kitini kwake, na paa la jengo hakuwahi kulikanyaga. Niliisukuma kulabu ile kama mwendawazimu, ikigonga chuma na kurudi, na chini yetu mzaha ulikuwa umenyamaza. Mwishowe tuliunganisha kamba zetu za kupakia rangi tukamvuta kupitia dirisha la ghorofa ya saba. Zilikuwa zimepita dakika thelathini na nne. Kesho yake figo zilishindwa kufanya kazi, akafa.

Ripoti ya Mzee Saini ilikuwa na mistari sita. Kifaa kilikuwa sahihi, aliandika, na ucheleweshaji ulitokana na mtunza stoo kutopata funguo kwa wakati. Funguo! Funguo ambazo hata akioga hazivui! Juu ya msiba wake akapewa barua ya onyo. Aliibandika nyuma ya mlango wa stoo, akawa anaisoma kila asubuhi kabla ya kufungua daftari.

"Fundi," aliniambia siku moja, hata hakuinua macho, "nataka aning'inie."

Sikumuuliza nani. Nikamwambia, "Hata mimi, dada." Na nilikuwa namaanisha, kwa sababu mkono uliokuwa umeshika ile kulabu ulikuwa wangu.

Mkaguzi wa usalama aliagiza kampuni itafute vifaa vipya vya uokoaji ndani ya miezi miwili, na vijaribiwe mbele yake. Mzee Saini akamtupia Mama Funguo kazi hiyo kwa dharau. "Wewe uliyechelewesha, sasa hangaika."

Akahangaika kweli. Alipanda kila paa tunalofanyia kazi na futi mkononi, akapima kila chuma. Alijaza mchanga kwenye gunia mpaka likafika kilo sabini na mbili, uzito wa mdogo wake. Wauzaji walioleta vifaa vya kung'aa aliwaambia, "Nishushie hili gunia," akasimama na saa. Kifaa kilichotaka mwokoaji naye ashuke kwa kamba ya pili alikikataa, asije akaning'iniza wawili. Chenye kamba ya kufunga mafundo alikikataa pia. Mikono ikitetemeka hakuna fundo linalofungika, alisema. Alimwita mfagizi wetu, mwanamke mwembamba kuliko ufagio wake, akamwambia ainue gunia peke yake. Kifaa kilichomshinda mfagizi kilirudi kwa mwenyewe.

Alichokichagua kilikuwa hivi: mkanda mpana unaozungushwa kwenye chuma cha unene wowote, fimbo ndefu ya kumnasia mtu pale kifuani ukiwa umesimama salama juu, na gurudumu la mkono linalomwinua kidogo kisha kumshusha. Kamba mita sitini, imeshapangwa mfukoni. Mfagizi alilishusha gunia kwa dakika tatu huku akiimba.

Siku ya majaribio alimfuata Mzee Saini ofisini. "Bosi, mpiga picha atakuja. Ingependeza wewe ndiye uonekane unaokolewa." Mzee Saini anapenda picha kuliko chakula. Akavaa mkanda wa zamani, akatabasamu. Tukamning'iniza nje ya ghorofa ya pili, kwenye chuma chenye unene uleule, magodoro yametandikwa chini na nesi amekaa pembeni. Mkaguzi akabonyeza saa.

"Tunaanza na sanduku la zamani," Mama Funguo akasema. "Ripoti inasema ni sahihi."

Akanipa mimi ile kulabu. Nikaisukuma taratibu, ikagonga chuma ikarudi. Nikasukuma tena. Mkaguzi akasogea, akaipima, akaandika. Wenzangu wote walikuwa wamesimama uani, macho juu.

Dakika ya sita tabasamu lilikwisha. "Basi, mmeona haiingii. Leteni hicho kipya!"

Mama Funguo alikuwa amekaa juu ya mfuko wa kifaa kipya, amekunja mikono. Akainua kidole kimoja.

"Dada, miguu inakufa ganzi! Leta!"

"Hakijasainiwa, bosi. Hakitoki kitu bila saini yako."

Mkaguzi alimwangalia yule mwanamke, akaangalia saa yake, akamuuliza nesi kwa macho. Nesi akatikisa kichwa: bado. Ningesema nilimwonea huruma, ningekuwa naongopa. Nilitaka apige kelele zaidi, na alipiga.

Dakika ya kumi Mama Funguo aliinuka. Alifunga ubao na kalamu kwenye ncha ya fimbo akamfikishia. Fomu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kutoa kifaa. Ya pili aliisoma kwa sauti, ili uani wote usikie: "Sanduku lilichelewa kwa sababu ya saini yangu. Kulabu sikuipima. Mtunza stoo hakuwa na kosa."

"Hii ni nini? Mimi siwezi—"

"Soma vizuri, bosi. Muda upo."

Alisaini zote mbili, uso umepauka, herufi zikienda ovyo. Mama Funguo akamkabidhi mkaguzi fomu ya pili. Kisha akazungusha mkanda kwenye chuma, akamnasa kifuani kwa fimbo mara ya kwanza tu, akashika gurudumu. Alimshusha polepole, bila kumgongesha ukutani hata mara moja.

Chini miguu haikumbeba, ikabidi akae. Mama Funguo alishuka, akapiga magoti mbele yake, akaanza kumfungua vifungo vya mapaja, kimoja kimoja, kama mtu anayemvua mtoto nguo. Mzee Saini alimshika mkono. "Asante, dada," alisema, akilia.

Mama Funguo akautoa mkono wake.

"Umekaa dakika kumi na tano," akamwambia. "Zimebaki kumi na tisa. Sikusamehi hata moja."

Akabeba kifaa chake begani, akaenda kukiandika kwenye daftari la stoo.