Maganda Ishirini ya Bwana Sawasawa

Wenzangu mliokulia Kasokola enzi zile simu ilikuwa moja tu, ya posta mjini, na mtu akienda kuipiga anavaa viatu, mtanielewa nikisema kwamba sisi tulisoma vyuo visivyotoa vyeti. Kuna aliyehitimu kuokota uyoga porini bila kuimaliza familia. Kuna aliyehitimu kunusa samaki mkavu wa mgebuka akakwambia ametoka Karema lini. Mimi nilihitimu kuchagua maganda ya risasi.

Msishtuke. Risasi zenyewe sikuwahi kuzigusa. Nasema maganda, vile vikopo vya shaba ya njano vinavyobaki bunduki ikishalia. Baba alikuwa kibarua katika kambi ya wageni wa uwindaji, na kila kiangazi alirudi na mfuko wa maganda yaliyotupwa. Hayo ndiyo yalikuwa midoli yetu. Tuliyapanga mchangani tukayaita ng'ombe, mengine makubwa tukayaita madume, tukalishana uji wa udongo. Ukiliweka ganda mdomoni ukapuliza pembeni linalia mpaka mbwa wa jirani wanahama. Leo nikimnunulia mjukuu kitu cha kuchezea ananiuliza chaja yake iko wapi.

Katika wageni hao alikuwepo mzungu mmoja mzee sana, mwenye bunduki aliyorithi kwa baba yake. Risasi za bunduki ile zilikuwa haziuzwi tena madukani, kwa hiyo maganda yake hayakutupwa. Aliyarudisha kwao kuyajaza upya, mwaka hadi mwaka, na aliyapenda kuliko watu wengine wanavyowapenda shemeji zao. Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili tu. Kitu kikimpendeza anasema "sawasawa." Kisipompendeza anasema "si sawa." Kambi nzima ilimwita Bwana Sawasawa. Na sisi watoto tukaiga. Siku moja nilionja ugali wa Mama nikasema "si sawa," na mwiko ulionijibu bado naukumbuka.

Mwaka ninaousimulia, Sawasawa alimkabidhi Baba maganda thelathini na kitu, akamwonyesha kwa vidole: chagua ishirini yaliyo mazima, yasafishe, nitayafuata Ijumaa. Mkuu wa kambi akaongeza kwamba mzee akiridhika, Baba ataacha ubebaji mizigo wa siku kwa siku aandikwe mfuata nyayo za wanyama, kazi ya kudumu. Nyumbani kwetu habari hiyo iliingia na kukaa kwenye kila sahani. Mama alianza kuongelea bati.

Kwa kuwa Baba macho yake ya karibu yalikuwa yameanza kumsaliti, kazi ya kuchagua nikaifanya mimi. Unalishika ganda juani, unalizungusha. Mdomo ukiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, si sawa. Likibonyea, si sawa. Karibu na kitako kukiwa na mstari unaong'aa kulizunguka, hilo linakaribia kukatika, si sawa kabisa. Halafu unaligonga polepole kwenye jiwe na kusikiliza: zima linalia, bovu linakoroma. Yale ishirini niliyachemsha kwa maji ya ndimu, nikayaanika, nikayasugua kwa kitambaa na jivu lililochekechwa mara mbili. Mchanga ulikatazwa maana unakwaruza. Nilisugua siku tatu, vidole vikanuka ndimu mpaka kwenye usingizi.

Sasa niwajulishe kwa Bibi, mama yake mama. Alitoka Inyonga kuja kutibiwa goti hospitali ya Mpanda. Goti likapona, yeye akabaki. Alikuwa mvutaji wa ugoro wa kuaminika, na ugoro wake aliuweka kwenye kichupa cha plastiki cha dawa, akilalamika kila siku kwamba unanukia hospitali. Akaniona nikisugua. Akaangalia yale maganda ya Sawasawa, mapana, yasiyobanwa shingo, kidole kinaingia bila taabu.

"Mjukuu wangu, nichagulie moja na mimi."

Nikampa moja katika yaliyokataliwa. Akalirudisha. "Hili lina ufa, litanimwagia ugoro. Wewe si ndiye fundi?"

Kiburi, wenzangu. Nikampa lililo bora kuliko yote.

Na hapo lazima niwakumbushe jambo ambalo vijana wa leo wakilisikia wanadhani tunatunga. Enzi zetu mwanaume hamwangalii mama mkwe usoni, hali naye, wala hamsemeshi moja kwa moja. Baba na Bibi waliishi nyumba moja ya vyumba viwili, ukuta wa udongo katikati haufiki hata juu, kila mmoja akimsikia mwenzake akikohoa, na miezi minne hawakuwahi kuambiana neno. Waliongea kupitia mimi.

"Muulize bibi yako kama ameamka salama," Baba anasema.

Bibi amesikia. Lakini neno lilikuwa halijafika mpaka mimi nitoke huku niingie kule niliseme. "Bibi, Baba anauliza umeamka salama?"

"Mwambie mkwe nimeamka, ni goti tu."

Narudi. Hivyo hivyo kutwa nzima, na unashangaa kwa nini tulikuwa wembamba.

Alhamisi jioni, kesho yake Sawasawa anakuja, Baba akayapanga maganda kwenye mkeka. Kumi na tisa. Akahesabu tena akianzia upande wa pili, labda lile moja lilikuwa linamkwepa upande wa kwanza. Kumi na tisa. Kuchomeka bovu hakutaka hata kufikiria, maana mzee huwa anapitisha ukucha kwenye kila mdomo, na zaidi ya hapo Baba alisema, "Likimpasukia usoni huko kwao, nitalala vipi?"

Mara nyuma ya ukuta kikasikika kitu kikigongwa kwa kidole. Ti, ti. Ikafuata chafya, kubwa, ya kuridhika. Baba akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Wenzangu, Baba alikuwa mpole, ila siku hiyo upole ulimkimbia. "Nenda kamwambie huyo bibi kizee," alisema, na sauti ilitosha kufika Kawajense, "alikuja kutibiwa goti, huo mkono nani kaufundisha wizi? Arudishe mali ya watu sasa hivi, la sivyo kesho anapanda basi la kwao!"

Mama alishika mdomo. Hata mimi na umri wangu nilijua kwamba maneno yale yakifika, Bibi hakai, na Bibi akiondoka kwa kutukanwa, Mama anabeba watoto anamfuata. Wazee wangekaa vikao mpaka mvua zinyeshe. Kazi ingepotea, na nyumba nayo. Na mwizi mwenyewe ni mimi.

Kutoka mkekani mpaka kwa Bibi ni hatua tatu. Nilizitembea moja moja. Bibi alikuwa ameketi kitandani, ganda mkononi, uso umekakamaa. Amesikia kila kitu.

"Baba yako amesemaje?"

"Anakusalimu, Bibi."

"Salamu ndefu hivyo?"

"Anasema... anasema hilo lako ndilo zuri kuliko yote. Anasema una jicho la kuchagua. Anaomba umsaidie nalo, maana bila hilo hapati kazi. Na anasema wewe huna kosa. Mwenye kosa ni mimi niliyekupa."

 Bibi alinitazama. Mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko.

"Mkwe amesema hivyo?"

"Ndiyo, Bibi."

Akapaza sauti, macho kwangu, maneno ukutani. "Basi mwambie mkwe, mtu akiomba kwa adabu namna hiyo hanyimwi." Akaumimina ugoro kwenye pindo la kanga, akafunga fundo, akalifuta ganda, akanipa.

Baba alilipokea kwa mikono miwili. "Mwambie bibi yako nashukuru," alisema, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Na akae. Goti lisiharakishwe." Hayo niliyafikisha neno kwa neno. Kisha akaninyonga sikio mpaka nikaona nyota za mchana, na sikulalamika.

Ijumaa Sawasawa akaja. Akayapanga ishirini juu ya boneti ya gari, akayainua moja moja juani, ukucha mdomoni, "sawasawa," "sawasawa." La mwisho akalisogeza puani. Akapiga chafya tatu, kofia ikadondoka. Baba alifumba macho. Mzee akajifuta machozi, akalinusa tena kwa makusudi, akapiga nyingine mbili, akacheka, akasema, "Sawasawa sana!" Mwezi haukuisha Baba akaandikwa mfuata nyayo. Bati tuliliezeka.

Leo nina mkwe wangu mwenyewe, kijana mzuri. Ananiita kipenzi, anaingia jikoni anafunua sufuria kabla sijakaribisha, na nikikaa siku mbili kimya ananipigia tunaonana uso kwa uso kwenye kioo. Nafurahi, sisemi uongo. Lakini hivi karibuni waligombana na binti yangu kwa jambo dogo. Binti akaandika alichokiandika kwenye simu, akabonyeza, kikafika kule vile vile kilivyotoka, hakikupungua hata herufi. Kijana alikaa kwao Kasansa wiki tatu. Nilimuuliza binti kwa nini hakumtuma mtu. Akashangaa, "Mama, nimtume nani, wakati ana simu?"

 Enzi zetu neno kali lilipaswa kutembea, japo hatua tatu, na njiani lilikutana na mtoto mwongo mwenye hofu. Nyumba za sasa zina kila kitu, ila yule mtoto hayumo.