Wavu wa Dagaa Kwenye Madirisha ya Kombi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue koti, niingie ndani ya kombi iliyofungwa vioo vyote, nikae humo mpaka niielewe kazi yangu. Ilikuwa saa saba mchana, Nyegezi, na kombi ilikuwa juani. Cheti changu cha shahada ya fizikia kilikuwa ndani ya bahasha na sikutaka kukiacha nje. Baada ya dakika kumi bahasha ilikuwa imelowa jasho, na kazi nilikuwa nimeielewa.

"Umeona nini?" Mkurugenzi aliniuliza nilipotoka.

Nikamjibu kwamba ndani kuna joto.

"Hilo hata mbuzi angeliona. Wewe umesoma. Liondoe."

Nawaandikia vijana ambao leo wakisikia joto ndani ya gari wanabonyeza kitufe. Miaka ile ya tisini kitufe hicho hatukuwa nacho. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa au kufungwa, na kila aliyepunguzwa kazi alifungua kampuni. Mkurugenzi wetu alikuwa Afisa Usafirishaji wa shirika moja lililokufa. Aliondoka na kombi kuukuu, muhuri, na tabia zote za ofisini. Aliitia kombi vitanda viwili, jiko la gesi na sinki, akaamua kuwakodishia watalii wanaotaka kuzunguka ziwa na kulala humohumo garini. Kampuni ilikuwa na watu wanne na vyeo saba. Vitatu alivishika yeye mwenyewe. Mimi nilipewa viwili: Msaidizi wa Fundi na Afisa Hali ya Hewa ya Ndani.

Kwa nini nilikubali? Serikali ilikuwa imeacha kuwapangia kazi wahitimu, na baba yangu kule Majita alikuwa ameshawatangazia watu wote, hadi kanisani, kwamba mwanawe ni injinia. Mkurugenzi alinipa miezi mitatu ya majaribio. Mwishoni mwa miezi hiyo angekuja Mama Shirima kutoka Arusha, ambaye kampuni yake ilikuwa na watalii tele na ilitafuta magari ya upande wa ziwa. Alikuwa ameandika sharti moja tu kwenye barua: yeye mwenyewe atalala usingizi wa mchana ndani ya gari hilo, saa nane hadi saa tisa, na akiweza, tutapewa wageni. Akishindwa, kampuni haikuwa na gari la pili wala mteja wa pili, nami ningerudi Majita kumweleza baba injinia ni nini.

Bosi wangu wa karibu alikuwa Fundi Mkuu, Mzee Mazigo, Mkerewe aliyejenga mitumbwi Nansio kwa miaka mingi kabla ya kuvuka kuja mjini. Aliniita Msomi tangu siku ya kwanza, na hakuwa ananisifu. Wa nne alikuwa Katibu Muhtasi, Neema, binti wa Dodoma, ambaye meza yake ilikuwa mlangoni na leso yake ilikuwa puani. Tulijua ana mafua yasiyopona. Mkurugenzi alishampa ruhusa ya kwenda hospitali mara tatu, kwa barua.

Nilianza kwa kutafuta kipimajoto. Jirani yangu muuguzi aliniazima kile cha kuweka kwapani. Nikakitundika ndani ya kombi, kikapanda hadi arobaini na mbili kikagoma, maana hakikutengenezewa mgonjwa wa namna ile. Fundi Mkuu alikichungulia kwa muda.

"Msomi, gari lina malaria," akasema. "Lilazwe."

Mwalimu mmoja niliyesoma naye aliniazima kipimajoto cha maabara, na hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Kombi ilikuwa na mapazia mazito ya rangi ya damu ya mzee kwa ndani. Nilimweleza Mkurugenzi kwamba kioo hupitisha mwanga wa jua. Mwanga ukishatua kwenye pazia, kiti au godoro hugeuka joto, na joto hilo halijui njia ya kutoka. Pazia la ndani linamkamata mwizi akiwa ameshaingia sebuleni. Kivuli kinatakiwa kiwe nje ya kioo.

"Mapazia hayo yalipitishwa na kikao," alisema.

Niliuliza kikao cha nani. Akafungua faili akanionyesha muhtasari: waliohudhuria, Mkurugenzi. Waliotoa udhuru, hakuna.

Nilibishana naye wiki nzima. Ndivyo nilivyokuwa, hata saa ya ofisini niliuliza ilirekebishwa kwa kufuata saa ipi. Mwishowe Fundi Mkuu alichoka na kelele, akapigilia turubai kwa nje upande mmoja tu wa gari, bila kibali cha kikao. Tukapima. Upande ule ulipoa kwa nyuzi sita. Mkurugenzi aliitisha kikao, na safari hii nilihudhuria.

Turubai lilizuia jua lakini lilizuia na upepo. Tulihitaji kitu kinachokata jua, kinachopitisha upepo, na kinachowazuia wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji wakawa wingu ukadhani kisiwa kinaungua. Waya wa mbu wa dukani ulikuwa unashika kutu na kuzibwa na vumbi. Fundi Mkuu ndiye aliyesema wavu wa dagaa. Matundu yake ni madogo kuliko punje ya mchele, alisema, na ukiukunja mara mbili unatia kivuli cha kutosha. Lakini usiwe mpya. Wavu mpya ukiloa hujikunja, unavuta fremu mpaka inapinda. Mkongwe umeshamaliza utundu wake wote majini.

Mdogo wake alituletea mmoja kutoka Nansio, umeoshwa vizuri ziwani. Tukatengeneza fremu za mbao nyepesi, kazi ya mjenga mitumbwi kabisa, tukazifunga nje ya madirisha kwa kuacha nafasi ya vidole vitatu kati ya wavu na kioo, ili hewa iliyopata moto ipande itoke badala ya kugusa kioo. Dirisha la upande wa ziwa lilifunguliwa chini, na kifuniko cha paa kikafunguliwa juu, maana mchana upepo hutoka ziwani, na hewa ya moto hupenda kupanda. Mimi niliongeza la kwangu: kumwagia wavu maji kila nusu saa. Maji yakikauka huondoka na joto. Nilipima siku nne mfululizo, na kila siku ndani kulikuwa na ubaridi zaidi kuliko chini ya kivuli cha ofisi. Niliandika kila kitu kwenye daftari. Neema aliombwa aingie ajionee, akasema mafua yamemzidi.

Mama Shirima alifika akiwa na mkoba mmoja na mto wake mwenyewe. Tulimpeleka ufukweni upande wa Ilemela, penye mawe makubwa. Mkurugenzi alivaa kaunda suti. Tulimlisha ugali na sato, tukamwamkia kila mmoja kwa zamu, akatuitikia marahaba kila mmoja kwa zamu, na saa nane kamili akapanda kwenye kombi akafunga mlango. Nilikuwa nimemwagia wavu ndoo nzima. Jua lilikuwa kali, upepo mzuri. Kipimajoto kilikuwa upande wangu.

Baada ya robo saa sauti yake ilitoka dirishani.

"Kijana, kuna mtu anaanika samaki hapo?"

Niliangalia pande zote. Hapakuwa na mtu. "Hakuna, mama."

"Sawa," akasema, bila kuridhika.

Kisha alitua korongo wa kwanza. Mnawajua, wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, wanaotembea wakiwa wameinamisha kichwa mithili ya wazee waliofiwa. Alisimama juu ya jiwe akaitazama kombi. Wakaja wengine watatu. Nilipohesabu tena walikuwa tisa, na mmoja alikuwa ameshashuka anatembea kuelekea dirishani.

Mkurugenzi alininong'oneza niwafukuze kwa heshima, mteja amelala. Ni vigumu kumfukuza korongo kwa heshima. Nilimpungia faili, akasogea hatua moja, akarudi mbili. Fundi Mkuu alisema wanafuata mabaki ya sato. Mimi, kwa mazoea yangu, nilitaka ushahidi. Nilichukua sahani ya mifupa nikaipeleka mbali, nyuma ya mawe, nikaiweka wazi kabisa. Hakuna korongo aliyegeuza hata shingo. Yule wa dirishani alinyoosha mdomo akaudonoa wavu, akauvuta kidogo, akauachia, akauonja tena.

Niliuendea ule wavu nikaunusa. Sikusikia kitu. Nikamwita Fundi Mkuu anuse.

"Unanuka wavu," alisema.

"Wavu unanukaje?"

Alifikiri. "Kama hewa."

Mkurugenzi naye aliinama na suti yake, akavuta pumzi ndefu, akatangaza kwamba ni safi kabisa. Tulikuwa tumesimama hivyo, wanaume watatu wenye pua kwenye wavu na korongo katikati yetu, mlango ulipofunguliwa.

Mama Shirima alikuwa amekumbatia mto wake. Alitutazama mmoja mmoja, na ndege pia.

"Ninyi watu," alisema taratibu, "hamsikii harufu?"

Tulivuta pumzi tena wote watatu, na kweli hatukusikia.

"Mmenifungia ndani ya dagaa. Dagaa wabichi, wamelowa, wamepata jua. Na hilo babu lenu lenye upara limeingiza mdomo hadi kwenye wavu, nimefumbua macho linanitazama kana kwamba nimeshakufa, linasubiri tu ndugu waondoke."

Mkurugenzi alianza kusema kwamba kampuni inasikitika. Mama akamnyooshea kidole anyamaze.

"Ubaridi ni wa kweli," akasema. "Nimesinzia, na mimi sisinzii ovyo. Hizi fremu nani alizitengeneza?"

Fundi Mkuu akainua mkono.

"Na maji?"

Nikainua wangu.

"Nawapa wiki mbili. Fremu hizihizi, upepo huuhuu, maji hayahaya. Wavu mwingine. Na asiuchague mtu yeyote aliyezaliwa kando ya ziwa hili."

Njiani kurudi Nyegezi nilijipitia makosa yangu. Nilikuwa nimetilia shaka mapazia, kikao, kipimajoto na hata saa ya ukutani. Pua yangu sikuitilia shaka hata mara moja. Nimekulia Majita, kwenye nyumba ambayo dagaa huanikwa mbele ya mlango tangu kabla sijazaliwa. Kwangu harufu ile haikuwa harufu. Ilikuwa ni kuwa nyumbani.

Tulipofika, Neema alikuwa mlangoni na leso yake. Ndipo, baada ya miezi mitatu, nilipomuuliza swali ambalo mtu aliyesoma angeuliza siku ya kwanza.

"Neema, una mafua?"

"Sijawahi kuwa na mafua," alisema.

Mkurugenzi alikaa chini. Alimuuliza, kwa unyonge ambao sikuwahi kuusikia kwake, kwa nini hakusema.

"Mlinipa barua za kwenda hospitali, bosi. Nikaona aibu kuwaambia mnaoumwa ni ninyi."

Siku iliyofuata alipewa cheo cha nane cha kampuni, Afisa Ukaguzi wa Harufu. Alizunguka mjini akinusa robota za kitambaa mbele ya wauzaji waliomshangaa, mpaka akapata nailoni mpya ya vyandarua kwa fundi cherehani mmoja. Ilijikunja ilipoloa, kama Fundi Mkuu alivyoonya, naye mzee akalazimika kutengeneza upya fremu zote kwa mbao nene, akinung'unika kwa Kikerewe. Mama Shirima alirudi, akaingia na mto wake saa nane. Saa tisa hakutoka. Saa kumi kasoro tulisikia akikoroma, na Mkurugenzi akavua kofia.

Nilithibitishwa kazini kwa barua yenye muhuri, nikaituma Majita, na baba aliitundika ukutani. Miaka iliyofuata nilipelekwa Nansio kusimamia kombi ya pili, kisha nikarudishwa Ilemela karibu na uwanja wa ndege tulipokuwa na kombi sita, na nikastaafu nikiwa Meneja Ufundi. Mzee Mazigo alishatangulia mbele ya haki. Fremu zake mbili bado ninazo, na wavu wake, kwenye dirisha la sebuleni kwangu. Magari ya sasa yana viyoyozi, na bado nikiona mtu ameegesha juani na pazia ndani ya kioo nashindwa kupita bila kumgongea.

Neema nilimuoa. Kwa miaka mitano ya mwanzo alikuwa kipimo changu cha kuaminika kuliko vyote. Kisha siku moja nilileta dagaa ndani, nikaona hashiki leso. Nilimuuliza anasikia nini, akaniuliza, kusikia nini? Nikajua kipimo kimeharibika, na mwenye kukiharibu ni mimi.

Tangu hapo, kila anayekuja kututembelea kutoka mbali namuuliza swali lilelile mlangoni, kabla hajakaa: unasikia harufu gani humu ndani? Juzi aliletwa mkwe wangu mpya, binti wa Singida, mara yake ya kwanza kuliona ziwa. Alipiga goti, akaniamkia, nami nikauliza. Akatazama chini.

"Sisikii harufu yoyote, baba. Hewa nzuri tu."

Nilifurahi kweli. Nikaenda kuchukua daftari niliandike jibu lake, na niliporudi sebuleni nikamkuta amekihamisha kiti chake hadi dirishani, ameufungua wavu.