Wavu wa Rejeta Uliozibwa

Jiwe lililotoboa rejeta ya pikipiki yangu halikuzidi ukubwa wa harage. Gurudumu la mbele lililirusha, likaingia, na maji ya kupozea injini yakamwagika barabarani huku nikiangalia tu kama zuzu. Fundi wa Tarime mjini aliziba tundu, kisha akanitajia bei ya kinga ya rejeta ya dukani. Nilicheka kwa hasira. Pikipiki yenyewe niliinunua kuukuu, halafu nigharamie kipande cha chuma kama nanunua mbuzi?

Wakati huo nilikuwa afisa mifugo Mbalibali, mgeni kutoka Iringa, nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane. Mkulima mmoja alinipa kipande cha wavu mgumu wa waya kilichobaki kwenye kichanja chake cha kuanikia kahawa. Jioni moja nikaketi uani na koleo. Nilikata wavu kwa kipimo cha rejeta, nikakunja kingo zisichane, nikazivisha vipande vya tyubu ili chuma kisisuguane na chuma, kisha nikaufunga kwa waya pembe zote nne. Nilijiona fundi haswa.

Mama mwenye nyumba alikuwa pembeni yangu akikandika kitenga kipya kwa kinyesi kibichi cha ng'ombe na majivu, kama wafanyavyo kule ili ulezi usivuje. Aliniangalia muda mrefu.

"Mura, hiki kitu ni cha nini?" aliuliza, akiniita kijana kwa lugha ya kwao.

"Ni kinga, mama. Inazuia mawe yasiingie humu ndani."

"Na haya matundu yote?"

"Ndivyo ilivyo," nilijibu, nikaenda zangu kuoga. Sikuongeza neno. Siku hizo niliona kumweleza mama wa kijijini habari za injini ni kupoteza muda.

Alfajiri aliugonga mlango wangu kwa nguvu. Binti yake aliyeolewa Ringwani alikuwa amepiga kwa simu ya jirani: ng'ombe wake ameshindwa kuzaa tangu jana, mguu mmoja wa ndama umetoka, kichwa hakionekani. Ng'ombe huyo nilimfahamu kwa kusimuliwa. Hakuwa wa mume wala wa ukoo. Binti alimnunua kwa mihogo aliyolima mwenyewe, na hakuwa na mwingine.

"Kimbia, daktari," mama alisema. "Huyo ndiye mali yake yote."

Nikabeba mfuko wa vifaa nikaondoka bado giza. Harufu ya kinyesi niliisikia, lakini katika ua ule hakuna kisichonuka kinyesi.

Sikufika hata nusu ya safari. Taa nyekundu ya joto iliwaka, mvuke ukafoka chini ya tangi, injini ikazima. Niliinama kutazama mbele nikapigwa na butwaa. Wavu wangu wote ulikuwa umekandikwa, umelainishwa kwa kiganja, umekauka mgumu kama ukuta. Hata upepo wa kuzima kiberiti usingepenya kuipoza rejeta. Nani ananichukia kiasi hiki? Nikawaza wafugaji niliowazuia kupeleka ng'ombe wagonjwa mnadani. Nikatukana peke yangu barabarani, nikaapa kwamba nikimjua aliyefanya hivi nitamfikisha kituoni mbele ya watu wote.

Nilikata waya, nikaufunga ule wavu ndani ya koti la mvua. Kisha nikangoja. Injini iliyochemka huwezi kuifungulia maji hapo hapo, yatakubabua uso. Nilipopata maji ya kuongeza na pikipiki ikakubali kuwaka, jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Ringwani nilikuta ng'ombe amelala ubavu, macho yamegeuka. Ndama alikuwa amekufa tumboni. Nilimvuta kwa kamba, nikatokwa jasho, nikachoma sindano nilizokuwa nazo. Ng'ombe naye alikata roho mkono wangu ukiwa bado shingoni mwake. Binti hakulia. Aliniuliza tu kama ningewahi angepona. Nikasema ndiyo, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli, na neno hilo lilinichoma.

Nilirudi nimevimba kwa hasira, nimepanga kuanza kuwahoji watu wa boma zima. Mama alikuwa amesimama langoni. Alichotazama kwanza ni mbele ya pikipiki.

"Kile kichujio chako kiko wapi? Kimeanguka? Na nilikiziba vizuri ulipokwenda kuoga! Matundu yale hata ulezi ungepita, mawe yangeshindwaje?"

Niliitazama mikono yake, nikakumbuka jibu langu la jana yake, lile la mkato.

"Ng'ombe wa mwanangu je?"

"Amekufa, mama. Nilichelewa."

Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ulichelewaje? Si umetoka hapa alfajiri, mimi nikiona?"

Koti lilikuwa limefungwa nyuma ya kiti, na wavu ndani yake. Ningenyoosha mkono tu nikamwonyesha.

"Nilisimama njiani nikanywa chai," nikasema.

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mwanawe. Asubuhi iliyofuata nilimpa shikamoo. Akaendelea kufagia.