Maiti wa Kwenye Gemu

Binti wa ndugu yangu hutengeneza simu Kisauni. Jumapili moja alasiri alivuka feri akaja kwangu Likoni na mashine ya gemu aliyoazima kazini, kaitia ndani ya mfuko wa unga. Akaichomeka kwenye televisheni yangu bila hata kuniuliza.

"Ami, leo hatuzungumzi harusi," akasema. "Leo tunaua mawaziri."

Ujanja wake naujua. Posa ilikuwa imepokewa, mahari yamekubaliwa, kilichobaki ni mimi. Kadhi alitaka kujua wali, msimamizi wa kumwoza, ni nani. Baba akiwa hai, ni baba. Baba akiwa amekufa, na babu hayupo, na ndugu wa kiume hana, basi ni mimi ami yake. Lakini lazima nitamke mbele ya kadhi kwamba ndugu yangu amekufa. Nisipotamka, kadhi atamwoza yeye mwenyewe, kama mtoto asiye na watu. Hilo hakulitaka. "Nataka bwana harusi apewe mkono wako wewe," aliniambia. "Huo huo wa kulia, uliopinda."

Mkono huu ulipondwa kwa kiatu siku tuliyochukuliwa, mimi na ndugu yangu, mchana, watu wakitazama. Wenye gari walikuwa askari waliovaa kiraia. Aliyewaonyesha mlango ni naibu chifu wetu, mtu aliyekula pilau harusini kwa ndugu yangu akaongezwa. Aliyewatuma ni mheshimiwa aliyeuza kiwanja cha makaburi yetu, ndugu yangu akasimama barazani kumuuliza kwa idhini ya nani. Mimi walinitupa Miritini, pale malori yanapoegeshwa. Yeye alibaki sakafuni mwa gari, kimya, uso umeingia chini ya kiti. Hatukumwona tena. Nami neno marehemu sijalitia kinywani tangu siku hiyo. Nikilisema wataniuliza kaburi, na kaburi sina. Mheshimiwa angali anakata utepe. Naibu chifu angali ananisalimu njiani. Niseme mimi kwanza, wao wapumue?

Basi, gemu. Gemu yenyewe ni ya wazimu. Muuaji wetu alikuwa bwana mmoja wa suti nyeupe, anatembea darini kama mjusi. Mawaziri wamekaa mezani chini ya bahari, tai zao ndefu zinaogelea kama mikunga, wanapanga nani afe. Ukimpiga mmoja, hatoki damu, anatoka maua mekundu.

Kwa vile vidole vyangu vya kulia havibonyezi, tulishika rimoti moja wawili. Mimi kushoto, kazi yangu kumwendesha bwana. Yeye kulia, kazi yake kuua.

"Ami, unapiga kichwa ukutani. Huo ukuta umekukosea nini?"

"Huyu bwana wako hasikii."

"Anasikia. Dereva ndiye mbovu."

Tukamwangusha waziri wa kwanza. Akaniambia tumburute tukamfiche, walinzi wasimwone. Yeye akabana kitufe, mimi nikavuta. Pembeni mwa kioo palikuwa na dira ndogo. Nikaiona kaskazini. Kwetu kibla ni kaskazini. Sikufikiri, nikaanza kumzungusha yule maiti mpaka uso wake ukaelekea huko. Walinzi wakaja, wakatupiga risasi, mchezo ukaisha.

Mtoto akacheka mpaka akashika mbavu. "Wallahi, ami! Unamlaza kibla waziri mla rushwa?"

"Maiti ni maiti."

Tukarudia. Nikamlaza tena, tukauawa tena. Mara ya tatu hakucheka. Alinitazama mkono, kisha uso. Akasema taratibu, "Ngoja. Kuna chumba nyuma ya jiko. Tumpeleke kule, tuna nafasi."

Tukamvuta waziri, maua yakimwagika nyuma yetu, mpaka chumba hicho. Sakafuni palikuwa na zulia. Yeye kabana, mimi nimezungusha, pole pole, kichwa kikagonga mlango, nikasema samahani, naye akasema, "Amekusamehe." Uso ukafika kaskazini. Hakuna mlinzi aliyekuja. Tukakaa tunamtazama.

"Baba walimwacha ameangalia wapi?" akauliza.

Alikuwa hajawahi kuniuliza. Nikamwambia: chini ya kiti.

Akaegemea bega langu. Hakulia. Alisema, "Popote alipo, Mungu anaijua kaskazini yake." Bwana wa suti nyeupe alikuwa amesimama tu pale juu ya maiti, anapumua, anatungoja.

Nikaona kwamba wale watu wameninyang'anya ndugu, na kaburi, na vidole, na sasa nilikuwa karibu kuwapa na harusi ya huyu mtoto, kwa mkono wangu mwenyewe.

"Kadhi yuko lini?" nikamuuliza.

Siku ya kadhi nilivaa kanzu ya ndugu yangu. Ilinibana mabegani, yeye alikuwa mwembamba. Kadhi akauliza baba wa binti yuko wapi. Nikasema marehemu. Nikasema na aliyemuuza, na aliyetuma, na waliomchukua, wote kwa vyeo vyao, na majina niliyoyajua, kadhi asinikatize hata mara moja. Alipomaliza kunisikiliza akasema, "Mpe mkono bwana harusi."

Nikampa. Kijana akaushika kwa viganja vyote viwili, kama mtu aliyeambiwa mapema asiubane sana.