Susu Amemwombea Dada wa TV

Leo nimekaribia kucheka katikati ya maombi. Nashukuru Mungu sikucheka.

Ushirika wa akina mama ulikuwa kwetu hapa Tala. Mimi ndiye nilipewa somo: Mkristo na TV. Nilikuwa nimejipanga! Nikawaambia hizi hadithi za Kimexico zinatuibia mioyo, na wote wakaitikia.

Halafu nikamwomba nyanya yangu, tunamwita Susu, atufungie kwa maombi.

"Bwana," akaanza, "umkumbuke yule dada wa TV. Mume wake amemwacha, na yeye anaambia majirani amesafiri tu."

Jamani. Anaombea mwigizaji!

Mama mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mimi nikauma mdomo.

Ndipo nikasikia mtu analia. Nikafungua jicho moja. Alikuwa Mama Ndinda, jirani yetu wa mlango wa pili, yule ambaye mume wake yuko kazi Mombasa. Ndivyo ametuambia siku zote.

"Hata wangu hakusafiri," akasema. "Alituacha. Tangu Pasaka."

Hakuna aliyekohoa tena.

Susu akainuka, akaenda kuketi kando yake, akamshika mkono. Akaendelea kuomba kutoka pale alipofikia, sasa kwa Kikamba, polepole. Tukasema Amina.

Watu walipotawanyika nikamuuliza, "Susu, kumbe ulijua?"

"Sikujua," akasema, akitafuta viatu vyake. "Ningejua, ningekuwa nimeenda kwake kitambo."

Ameenda na Mama Ndinda kwake saa hii.

Semeni ukweli, nyinyi mngeitikia Amina ama mngecheka?