Sifa Nyingi za Mashine ya Dhahabu

Ningepewa siku moja tu ya maisha yangu niirudie, mwanangu, ningeirudia ile niliyokubali kuuza ng'ombe wa mahari ya binti yangu Bhoke ili ninunue, kwa simu, mashine ya kutambua dhahabu.

Desturi yetu Wakurya unaijua: ng'ombe walioingia kwa binti ndio wanaotoka kumwolea kaka yake. Wale walikuwa wa mwanangu Chacha, kaka yake Bhoke, na mchumba wake Robhi alikuwa anasubiri kule Gorong'a. Lakini miaka hiyo kijiji chetu kizima cha Nyakunguru kilikuwa kinachimba dhahabu, nami nilikuwa bado na nguvu, na tamaa.

Nilipofungua ukurasa wa muuzaji nilishika mdomo. Picha juu ya picha! Video, michoro, maelezo ya Kiingereza ambayo sekondari yangu iliyatafuna nusu, na chini yake sifa za wateja zisizo na mwisho. Nilisukuma mpaka kidole kikachoka. Nilijiona mdogo, kama mtu anayeliona ziwa kwa mara ya kwanza.

Mke wangu akachungulia. "Baba Chacha, yupo mtu wa huku aliyeitumia?"

"Mamia wameisifu, wewe unataka mmoja?"

"Huyo mmoja ndiye ninayemtaka. Mnadani hununui dume mpaka ulione likivuta plau. Hili la kwenye simu umeliona likivuta nini?"

Nilicheka, nikauza ng'ombe.

Mashine ilikuja kwa basi, inang'aa. Kule mashimoni ililia hapa, ikalia pale, ikalia kila hatua. Mimi na Chacha tulichimba wiki tatu tukitoa mawe yenye chuma, ambayo yamejaa kwenye udongo wetu. Wachimbaji wakanitania: "Mzee, umenunua mbwa anayebweka hata kivuli chake!"

Ndipo nikazisoma upya zile sifa, moja moja. Huyu kasifu rangi. Yule kasifu mzigo kufika mapema. Mwingine kaokota sarafu kwenye mchanga wa ufukweni. Nilistaajabu kuliko mara ya kwanza: maneno mengi kiasi kile, na hakuna aliyesema amepata dhahabu! Niliambiwa mengi, mwanangu, nikadhani nimeambiwa ninachohitaji.

Wingi si hoja. Kabla hujanunua, tafuta lile swali moja ambalo jibu lake likiwa baya utaacha, kisha usihangaike na mengine mpaka upate jibu lake. Ukurasa usipokujibu, funga simu, ukamuulize aliyekitumia kitu hicho kwenye udongo kama wako. Mungu akupe macho yasiyotekwa na wingi, na nyumba ambayo watoto wake wanarudi jioni.

Maana Robhi aliolewa Kemambo, kwa ng'ombe wa watu wengine. Chacha akavuka mpaka wa Sirari kwenda kwa wajomba zake Kenya, hakuniaga, na hajakanyaga uani kwangu tena. Mashine ile ilinigharimu mwanangu wa kiume.